Saa ya Ungo

Mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina wilayani na msemo mmoja, "darasa linaloongea", na kwa wiki nzima hatukusikia kingine. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa mikoa ya kaskazini, mwenye tabia ya kufunga mikono nyuma na kuzungumza na dari. Alitukusanya ofisini akaiambia dari kwamba kuta za shule yetu zilikuwa bubu, na kwamba mdhibiti ubora wa shule akija atataka kukuta kila darasa lina michoro, chati na zana zilizotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira.

"Na karatasi za manila tutapata wapi?" akauliza mwalimu wa darasa la nne.

Mwalimu mkuu aliitazama dari kwa muda. "Nimesema vinavyopatikana katika mazingira."

Mwalimu wa darasa la nne akaenda siku hiyohiyo kutundika kalenda ya mwaka uliopita ukutani mwake. Nilipomuuliza kama hilo ndilo darasa linaloongea, akajibu, "Linaongea, ila polepole."

Mimi nilikuwa nafundisha Hisabati darasa la tatu. Shule yenyewe iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wetu wa Ruvuma. Ukisimama mlangoni mwa darasa unaona vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, halafu mchanga, halafu maji mpaka macho yachoke. Mimi ni mtu wa milimani, Litembo, nimekulia kwenye baridi na mibuni. Nilipopangiwa shule ile niliteremka na begi zima la masweta, na wenyeji wangu waliliona begi hilo likifunguliwa. Tangu hapo, kila jua lilipowaka sana, kuna mtu aliniuliza kama sweta nimelisahau nyumbani.

Basi nikaingia kazini kwa moyo wote. Viroba vya mbolea nilivifua ziwani, nikavianika kwenye majani vikauke viwe turubai za kuchorea. Mama mwenye nyumba wangu alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"Mwalimu, hata viroba mnafua huko kwenu?"

"Vya darasani hivi, mama."

"Haya. Mimi nilidhani ni mashuka."

Rangi nyeusi nilipata kutoka kwa kaka yangu, ambaye alikuwa utingo wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka. Aliniletea bonge moja, nikalitwanga na kulichanganya na maji. Ilikuwa rangi nzuri sana, kasoro yake ni kwamba haikukauka kamwe. Mtoto akiegemea namba nane, anakwenda nyumbani na namba nane mgongoni. Mama zao walinielewa vibaya kwa muda.

Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Kwa gundi hiyo nilibandika jedwali la kuzidisha, kazi ya siku nyingi, juu ya maboksi ya sabuni niliyoyapasua na kuyanyoosha. Lilijaa ukuta wa nyuma. Nililitazama nikajisikia fundi. Lakini madirisha yetu hayakuwa na milango, na mbuzi wa kijiji kile hawakuwa na kazi Jumapili. Jumatatu asubuhi niliwakuta watoto wamekusanyika nyuma ya darasa, wanarukaruka kwa furaha. Mbuzi walikuwa wamekula maboksi kuanzia jedwali la saba mpaka la tisa. La pili, la tano na la kumi, yale mepesi, hawakuyagusa.

"Mwalimu," mmoja akaniambia, macho yanang'aa, "la saba halipo tena!"

Alisema kama mtu aliyesikia tangazo redioni. Ilinichukua kipindi kizima kuwashawishi kwamba saba mara nane bado ina jibu hata kama imo tumboni mwa mbuzi.

Mwalimu mkuu alikuja kuona uharibifu. Akaiambia dari, "Mwalimu, tafuta zana isiyolika."

Ndipo nikafikiria saa. Mada ya saa ilikuwa inakaribia, na pale kijijini ilikuwa na uzito wake kuliko mahali pengine. Sisi tuko Tanzania, lakini ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na wenzetu wale wako nyuma yetu kwa saa moja. Upepo ukivuma kwa namna fulani, au sijui ni nini hasa, simu inadaka mtandao wa ng'ambo. Umekaa jikoni kwako unakoroga mboga, simu inalia: karibu Malawi. Halafu yenyewe inarudisha saa nyuma. Jirani yako mwenye laini nyingine amebaki Tanzania. Kwa hiyo mtu akikuambia tukutane saa tisa, lazima umuulize ni saa tisa ya wapi.

Nilinunua ungo mpya mnadani, mkubwa, nikauvalisha kiroba cheupe na kukishona pembeni kwa sindano ya magunia. Namba nilizipanga kwa vizibo vya soda, kila namba imechorwa kwa vizibo vilivyogongwa bapa. Mikono ya saa ndiyo iliyonisumbua. Boksi lilijikunja, na mti ulipasuka kwenye msumari. Jioni moja nilikuwa natembea ufukweni nikaona ndala moja ya bluu imeletwa na maji, haina mwenzake. Niliikata kwa wembe, nikapata mkono mrefu na mkono mfupi, nikaipigilia katikati ya ungo. Ikazunguka vizuri kabisa, na ukiusimamisha mkono mahali, unabaki hapohapo.

Ndani ya darasa ukuta ulikuwa wa kubomoka, msumari haukai. Nikaitundika saa nje, kwenye nguzo ya mti ya veranda, kuelekea njia inayotoka kijijini kwenda barabarani. Watoto wakaketi chini mbele yake. Nikaweka mkono mfupi kwenye saba na mrefu kwenye kumi na mbili.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa saabaa!"

"Hapana. Hii ni saa moja."

Mtoto mmoja wa kike, ambaye alikuwa hachukui jambo hivihivi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkono uko kwenye saba."

"Ndiyo. Lakini sisi tunasoma saa moja. Unatazama namba inayotazamana nayo. Ng'ambo ya saba kuna nini?"

"Kuna moja."

"Basi ndiyo hiyo. Saa moja."

Alifikiri. "Kwa hiyo saa inasema uongo, halafu sisi tunajua?"

Nikamwambia ndiyo, ni kitu cha namna hiyo, na ajabu ni kwamba kuanzia hapo wote walielewa. Walitaka kucheza mchezo huo mpaka kengele ya mapumziko. Kila aliyeitwa mbele alizungusha mikono, wengine wakapiga kelele kutaja saa ambayo saa yenyewe haikuisema.

Jambo ambalo sikuliona ni wapita njia. Kuna aliyekuwa anakwenda kliniki na aliyekuwa anapeleka usipa barabarani, na wote walipita mbele ya veranda yetu wakainua macho. Mama muuza vitumbua aliniambia siku moja, "Mwalimu, umetusaidia. Sasa tuna saa ya serikali." Nilicheka, nikidhani ananitania. Sisi wa milimani na wao wa ziwani utani ni kila siku.

Hakuwa ananitania.

Ijumaa moja tulimaliza kipindi tukiwa tumejifunza "kasoro robo". Mfano wa mwisho ulikuwa saa nne kasoro robo. Kengele ikalia, watoto wakatawanyika, nami nikafunga darasa nikaenda nyumbani. Saa ikabaki pale nguzoni, mikono yake ya ndala imetulia kwenye saa nne kasoro robo.

Kesho yake kwaya ya kigango ilikuwa na safari. Kulikuwa na sikukuu parokiani, kwaya za vigango vyote zinaimba, na wetu walikuwa wamepatana na dereva wa Fuso awachukue barabarani saa nne kamili asubuhi. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, ambaye pia alikuwa mjumbe wa kamati ya shule yetu. Mama huyo alikusanya watu wake mapema, wote wamevaa vitenge vya sare, wakatembea mpaka usawa wa shule. Hapo ubishi ukazuka. Simu za baadhi yao zilisema saa tatu na nusu. Za wengine zilikuwa zimeshakaribishwa Malawi, zinasema saa mbili na nusu. Kila mmoja aliitetea simu yake kama mtoto wake.

Mwenyekiti akawanyamazisha. "Acheni simu. Saa ya shule hiyo hapo."

Wakatazama. Saa nne kasoro robo.

"Robo saa imebaki," akasema. "Barabarani kuna jua. Tukae hapa kwenye kivuli, ikifika saa nne tuondoke."

Haya nilisimuliwa baadaye na watu wengi, na kila mmoja alihakikisha nimeelewa kwamba yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Wakaketi kwenye veranda yangu. Wakaanza kurudia nyimbo. Mimi nilikuwa nyumbani nafua, nikasikia sauti zinatoka upande wa shuleni, soprano na besi zinapokezana vizuri sana asubuhi ile tulivu. Nikawa naitikia huku nasuuza. Nilimwambia hata mama mwenye nyumba, "Leo kwaya imejitahidi, inafanyia mazoezi shuleni."

Waliimba nyimbo zao zote. Wakatazama saa. Wakarudia zile ngumu. Wakatazama tena.

"Hii saa inakwenda taratibu," akasema mmoja.

"Vya serikali vyote vinakwenda taratibu," akajibiwa.

Dereva wa Fuso alipiga honi barabarani, akapiga tena, lakini kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wenye vigelegele. Hatimaye aliondoka na abiria wengine na magunia yao.

Aliyegundua alikuwa mzee wa besi. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Katika wimbo ule wa mwisho besi ilikuwa na mapumziko marefu, na kwenye mapumziko hayo hakuwa na la kufanya ila kuitazama saa. Akainuka, akaisogelea. Akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Mkono huu mrefu," akasema, "ni ndala."

Kwaya ikapunguza sauti.

"Tena ni ndala yangu! Angalieni waya huu. Nilishona mwenyewe. Ilichukuliwa na maji siku tunavuta nyavu."

Mimi nilikuwa naanika shuka nilipoona sare za kitenge zinakuja kwenye uzio, zote kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa mbele, mzee wa besi nyuma yake ameshika ungo wangu kifuani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Lakini leo marahaba yangu ni ndogo." Akavuta pumzi. "Mwalimu, saa yako inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya kazi. Ya kufundishia."

"Inatembea?"

"Haitembei, mama. Inasukumwa."

Aligeuka akawatazama watu wake, halafu akanigeukia mimi. Nilijua nisicheke. Niliuma mdomo mpaka ukauma kweli. Kisha mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akaachia kicheko kimoja kikubwa. Soprano mmoja naye akaanza, na baada ya hapo hakuna aliyebaki. Mwenyekiti mwenyewe aliketi kwenye kinu akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mzee wa besi ndiye pekee ambaye hakucheka. "Na ndala yangu?" akauliza.

Nikamwonyesha mkono mrefu na mkono mfupi. Aliilinganisha na mguu wake kwa uso wa huzuni.

Walipanda pikapu iliyokuwa inapeleka samaki aina ya mbasa mjini, wakafika parokiani wakati watu wanakula. Waliimba hivyohivyo, wakinuka mbasa. Mwenyekiti aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wote kubaki wamekaa mpaka wimbo wa mwisho, kwa sababu hakuna anayeinuka na sahani ya pilau.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa njia zaidi ya moja. Alifunga mikono nyuma.

"Mwalimu," akaiambia dari, "tulisema darasa liongee. Hatukusema lidanganye."

Nilieleza kwamba ilikuwa zana. Nilieleza na ndala. Nilipofika kwenye ndala, niliona mabega yake yanatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliinama akatazama sakafu. Tulikubaliana saa iingie ndani. Nilifunga kamba kwenye boriti, nikaiteremsha mpaka ikakaa mbele ya ubao. Nje, kwenye nguzo, niliacha msumari mtupu. Kwa majuma kadhaa wapita njia waliendelea kuinua macho pale, na mama muuza vitumbua akanilalamikia kwamba tumewanyang'anya saa yao kwa kosa la watu wachache wa kwaya.

Mdhibiti ubora alikuja asubuhi moja bila taarifa, kama ilivyo kawaida yao. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye miwani, ameletwa na bodaboda kutoka juu, viatu vimejaa vumbi. Alikaa nyuma ya darasa langu na ratiba mkononi. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya saa, watoto wanang'ang'ania kwenda mbele. Aliangalia simu yake, akaangalia ratiba, akakunja uso.

"Mwalimu, samahani. Muda huu ratiba yako inaonyesha Kiswahili. Hisabati ni kipindi kinachofuata."

Nilishtuka. Niliangalia ratiba ukutani, nikaangalia kivuli cha mlango. Ni kweli vipindi vilifuatana hivyo, lakini Kiswahili tulikuwa tumeshakimaliza. Kabla sijafungua mdomo, darasa lote liligeuka kumtazama kwa huruma kubwa, kama mgeni aliyepotea njia.

"Uko Malawiii!" wakamwambia kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta waliyozoea kujibia maswali.

"Niko wapi?"

Yule mtoto wa kike akasimama, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu. "Shikamoo, mwalimu. Simu yako imehamia ng'ambo. Ongeza saa moja."

Mdhibiti aliitazama simu yake. Akavua miwani, akaitazama tena. Alicheka mpaka akalazimika kutoka nje kidogo, na nilimsikia huko verandani akimsimulia mwalimu mkuu, ambaye hakujua kama anatakiwa kucheka au kujitetea. Alipoingia tena aliomba azungushe mikono ya saa yeye mwenyewe. Watoto walimsahihisha alipokosea kasoro dakika ishirini.

Alipoondoka alisema angependa saa ile ipelekwe kwenye maonyesho ya zana wilayani. Mwalimu mkuu hakutaka kumwamini mtu mwingine yeyote kuibeba. Siku ya safari alipanda nyuma ya bodaboda na ungo umefungwa mgongoni kwa mpira, yeye na urefu wake wote, akapanda milima hivyo mpaka mjini. Alirudi jioni amechoka, ameridhika. Alikuwa amesimama kando ya saa siku nzima akiieleza. Watu wengi walisimama, alisema. Mmoja aliuliza bei ya ungo.

"Wameomba ibaki kule," akaniambia, safari hii akinitazama usoni. "Nimekubali. Usikasirike."

Sikukasirika, ila darasa langu lilibaki bila saa, na mtihani ulikuwa unakaribia. Nikawaambia watoto tutengeneze nyingine, safari hii ndogondogo, kila kundi na yake. Nikasema, bila kufikiri, kwamba mwenye uwezo alete ungo.

Kesho yake darasa lilijaa nyungo. Karibu kila mtoto alikuwa na mmoja kichwani, mpya, mkuukuu, mwingine bado una pumba za mpunga. Tuliwasha moto wa uji wa gundi, tukatwanga makaa yaliyobaki, wakapaka namba moja kwa moja kwenye ungo maana viroba havikutosha. Ilikuwa asubuhi ya furaha sana. Ilipokaribia saa sita niliona kanga zinakuja njiani, mwanamke wa kwanza, wa pili, halafu mstari mzima, wametoka mashambani na kukuta hawana cha kupepetea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameomba ruhusa.

Nilisimama mlangoni nikigawa nyungo kwa wenyewe. "Huu wangu, lakini haukuwa na saba," mmoja akasema. Rangi ya makaa ilikuwa bado haijakauka, na kwa tabia yake haikuwa na mpango wa kukauka. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Wengine walinuna kidogo, wengine waliuliza namba zinasomwaje, na watoto wao wakawaeleza pale pale, wakionyesha kwa kidole, moja inatazamana na saba, mbili inatazamana na nane. Mwenyekiti wa kwaya aliuchukua wake mwisho. Aliushika mbali na kanga yake, akauinua juani, akaukagua.

"Huu hauna mikono," akasema.

"Bado hatujaweka, mama."

"Uache hivyohivyo," akasema, akauweka kichwani, akaondoka nao kwenda kupepeta mpunga wake.